Forthwith ni Lini?

Siku jaji alipomaliza kusoma uamuzi wa rufaa ya anko wangu, shosho alinivuta mkono pale kwenye benchi la nyuma akaniuliza kwa sauti ya chini, "Amesema nini?" Nikamwambia tumeshinda, anko anaachiliwa. "Lini?" Nikamjibu kwa neno lenyewe nililolisikia, kwa sababu sikuwa nimepata muda wa kutafuta jingine. "Forthwith." Akanitazama kama mtu aliyetajiwa steji asiyoijua. "Na forthwith ni lini?"

Nilikuwa na miaka 19, nimetoka Form Four na alama nzuri ya Kiingereza, kwa hivyo nilijibu bila kusita. Leo. Leo hii, shosho. Tukapanda matatu ya kurudi Kawangware, mama akakanda unga wa chapati, jirani akaleta kreti ya soda, na watoto wakawekwa kwa geti kuangalia barabara. Chapati ziliisha. Soda zikaisha. Anko aliingia mlangoni siku ya 11, amevaa shati la mtu mwingine.

Neno hilo halijawahi kunitoka. Leo nakaa kwenye SQ hapa Muthangari, nyuma ya nyumba ya watu ambao nimewaona ana kwa ana labda mara mbili, na kazi yangu ni kutafsiri: viapo, mikataba ya kodi, barua za shule, chochote kinacholipa. Usiku, kazi ikiisha, nasoma hukumu za rufaa kwenye tovuti ya Kenya Law. Watu wengine huangalia series. Mimi huruka moja kwa moja hadi mwisho wa hukumu kutafuta sentensi moja. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: hatia imefutwa, kifungo kimeondolewa, na mkata rufaa aachiliwe huru forthwith, isipokuwa kama anazuiliwa kihalali kwa sababu nyingine. Majaji hubadilika, miaka hubadilika, makosa hubadilika, na sentensi hiyo inarudi karibu ileile, kama amina. Wanafunzi wa sheria wanaijua kwa kichwa.

Forthwith ni kielezi. Hulisikii kwenye matatu, hulisikii TikTok. Hata Waingereza wenyewe siku hizi hulitoa kabatini wakitaka kutisha mtu au kuchekesha. Ukilifumua utapata maneno mawili madogo: forth, yaani kwenda mbele, na with, yaani pamoja na. Katika Kiingereza cha kale kidogo, cha enzi za Chaucer, lilibeba maana ya "pamoja na", jambo moja likienda na jingine ubavuni mwake. Polepole ubavu ukageuka kuwa muda. Kilichokuwa kando yako kikawa kinachotokea papo hapo. Mimi hupenda kufikiria kwamba haraka ilianza kama ujirani, ingawa najua watu wa isimu watanikaripia kwa kulipamba.

Vitabu viwili vililibeba neno hili hadi huku kwetu, na wengi wetu tulivikuta shuleni au kanisani kabla hatujajua kwamba kuna kitu kinaitwa sheria. Cha kwanza ni Biblia ya King James ya 1611. Humo forthwith hutokea mara chache tu, lakini angalia mahali linapotokea. Mbegu za mpanzi zilizoanguka penye mwamba zinaota forthwith, na ndiyo maana zinakauka. Yuda anamkaribia Yesu forthwith kumbusu. Na katika Matendo ya Mitume sura ya 12, Petro yuko gerezani, amelala katikati ya askari wawili. Malaika anakuja, minyororo inaanguka, lango la chuma linajifungua lenyewe, wanatembea mtaa mmoja, na forthwith malaika anaondoka. Biblia ya Kiswahili imetumia neno "mara" tu pale. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi kuliko mtu asiyeenda kanisani anavyopaswa. Kinachonishangaza ni kwamba kielezi hakikupewa Petro. Kimepewa malaika. Aliyekuja kumtoa ndiye mwenye haraka ya kwenda zake. Petro anabaki peke yake usiku barabarani, anafika kwenye nyumba ambamo watu wanamwombea, msichana anayeitwa Roda anaitambua sauti yake, na kwa furaha anakimbia ndani kutangaza bila kufungua mlango. Wa ndani wanamwambia ana wazimu. Petro anaendelea kubisha. Mtu ametoka jela kwa muujiza, halafu anakwama kwa mlango wa marafiki.

Cha pili ni Shakespeare. Katika Hamlet, Mfalme Claudius anaahidi kuandaa forthwith hati ya kumpeleka Hamlet Uingereza, safari ambayo imepangwa imuue. Katika sehemu ya kwanza ya Henry IV, tamthilia inaanza na mfalme akitangaza kwamba forthwith atakusanya jeshi liende Yerusalemu. Halikusanywi. Vita vya nyumbani vinaingilia, tamthilia inakwisha, sehemu ya pili inakuja, na mfalme anakufa ndani ya chumba cha jumba lake mwenyewe ambacho, kwa bahati, kinaitwa Yerusalemu. Hapo ndipo nilipoanza kuona mtindo fulani. Neno hili linapenda midomo ya wakubwa. Likielekezwa chini, kwa Hamlet kwa mfano, meli inapatikana haraka. Likiwa ni deni la mkubwa mwenyewe, linaweza kungoja tamthilia mbili.

Wanasheria waliligundua hilo zamani, ila waliliweka kwa adabu. Mwishoni mwa miaka ya 1870 Jaji Mkuu wa Uingereza, Alexander Cockburn, aliamua kwamba neno kama hili linadai hatua ya haraka na ya nguvu, bila kuchelewa, na kwamba kama mtu amechelewa au hajachelewa ni swali la kujibiwa kwa kuangalia mambo yalivyokuwa katika kila kesi. Tangu hapo mahakama nyingi zinazofuata sheria ya Kiingereza zimelisoma hivyo: si sekunde hii, ni mapema iwezekanavyo kulingana na hali. Ni tafsiri ya busara, sitabisha. Hakuna binadamu anayeweza kutenda jambo lolote katika sekunde hiyohiyo. Lakini "kulingana na hali" ni mlango mpana, bana. Karani yuko likizo. Gari halina mafuta. Mtandao umelala. Ni Ijumaa. Mwenye ofisi ana hali nyingi. Mpangaji aliyeandikiwa barua ahame forthwith hana hata moja. Asubuhi vitu vyake viko nje.

Kenya ililipokea neno hilo ndani ya kifurushi. Kwa muda mrefu koloni lilitumia sheria za jinai zilizoazimwa kutoka India, kisha tarehe 1 Agosti 1930 Kanuni ya Adhabu na Sheria ya Mwenendo wa Jinai zikaanza kutumika, na mpaka leo ndizo tunazo, zimetiwa viraka tu. Lugha yao ni ileile ya makarani wa London. Na kuna kifungu kimoja ambacho kila mtafsiri wa Nairobi anapaswa kukijua. Kifungu cha 198 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Yaani unaweza kushtakiwa kwa Kiswahili, ukahukumiwa kwa Kiswahili, lakini ukipanda juu kutafuta uhuru wako, uhuru wenyewe utatamkwa kwa Kiingereza. Shosho hakuwa mjinga. Alikuwa ameketi kwenye ghorofa ambayo lugha yake hairuhusiwi kupanda lifti.

Lakini neno lenyewe si tatizo kubwa kama mkia wake. Isipokuwa kama anazuiliwa kihalali kwa sababu nyingine. Ukisoma haraka, unaona ni tahadhari ya kawaida: labda huyu mtu ana kesi nyingine, usimwachilie tu. Sawa. Sasa msikilize Achieng' Oneko.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitia sahihi hali ya hatari, na usiku huohuo viongozi wa KAU wakaanza kukamatwa. Sita kati yao wakapelekwa Kapenguria, mbali kabisa na mawakili na waandishi wa habari: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Ramogi Achieng' Oneko, Mjaluo pekee kwenye kundi. Hakimu alikuwa Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyeitwa kwa kazi hiyo. Mkalimani wa kwanza alikuwa Louis Leakey, yule wa mafuvu ya Olduvai, mpaka mawakili wa utetezi wakiongozwa na D. N. Pritt walipopinga akajiondoa. (Nikiona mkalimani anaingia kwenye historia huwa nasimama kidogo. Ni ugonjwa wa kazi.) Tarehe 8 Aprili 1953 wote sita walipatikana na hatia, na kifungo kikawa miaka 7 na kazi ngumu.

Wakakata rufaa. Mwaka 1954 hatia ya Oneko ilifutwa. Ya wenzake watano ikabaki. Kwa macho ya sheria, Oneko hakuwa na kosa tena, hakuwa mfungwa. Na hakwenda nyumbani. Chini ya kanuni za hali ya hatari serikali iliweza kumweka mtu kizuizini bila kumshtaki, kwa sahihi tu, na ndivyo ilivyofanywa. Alishinda kesi akabaki ndani. Alitoka mwaka 1961, pamoja na Kenyatta, ambaye rufaa yake ilikuwa imeshindwa. Hebu rudia hesabu hiyo polepole. Aliyeshinda na aliyeshindwa walitoka mwaka mmoja.

Hapo ndipo unaona kazi ya ule mkia. Mahakama inaweza kutoa neno lake la haraka kwa nia safi kabisa, na ofisi ya jirani ikawa tayari imeandika "sababu nyingine". Hakuna sheria iliyovunjwa. Kila karatasi ina muhuri.

Ungedhani uhuru ungemaliza mchezo huo. Oneko aliingia kwenye serikali ya kwanza kama waziri, habari na utangazaji zikiwa mikononi mwake. Mwaka 1966 alijiuzulu akamfuata Jaramogi Oginga Odinga kwenye chama cha KPU, na mwaka huohuo Bunge likaipa serikali mpya uwezo wa kuweka watu kizuizini bila mashtaka. Baada ya vurugu za Kisumu za Oktoba 1969, KPU ilipigwa marufuku na Oneko akarudi ndani, safari hii kwa amri ya serikali ya mtu waliyefungwa naye. Alitoka 1975. Safari hii hakukuwa na rufaa ya kushinda kwa sababu hakukuwa na kesi. Ngũgĩ wa Thiong'o alichukuliwa nyumbani kwake Limuru mwisho wa Desemba 1977 kwa njia hiyohiyo, akatolewa Desemba 1978, baada ya Kenyatta kufa. Hakuna jaji aliyepata nafasi ya kutamka kielezi chochote juu yake.

Katiba ya zamani ilikuwa na maneno yake ya haraka. Mtu aliyekamatwa alipaswa kufikishwa mahakamani mapema iwezekanavyo, na saa 24 zilitajwa. Mwaka 1988 Bunge lilibadilisha kifungu hicho, na kwa makosa ya kunyongwa saa 24 zikawa siku 14. Wale waliokuwa Nairobi wakati huo wanajua siku 14 katika chumba cha chini ya ardhi ni muda gani, sitawasimulia mimi. Kwa hivyo nikisoma Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 huwa nahisi mkono wa watu waliochoka na vielezi. Kinasema mtu afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, halafu, kama mama anayekujua vizuri, kinaongeza: lakini si zaidi ya saa 24. Nambari. Huwezi kufasiri nambari kulingana na hali.

Ama tulidhani. Katiba hiyohiyo inasema saa hizo 24 zikiishia nje ya saa za kazi za mahakama, au siku ambayo mahakama haiketi, basi mtu apelekwe kabla ya mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo mwanzo wa kile Wakenya walichokiita Kamata Kamata Friday. Ukikamatwa Jumanne wewe ni mtu wa saa 24. Ukikamatwa Ijumaa jioni, Jumapili utakula ndani. Wakati wabunge na magavana ndio waliokuwa wakikamatwa, nchi nzima ilicheka, na mimi nilicheka pia. Kijana wa boda kutoka Kangemi amekuwa akikamatwa Ijumaa miaka yote hiyo na hakuna aliyempa jina siku yake.

Sasa, kwa Kiswahili tunasemaje? Swali hilo nililipata kama kazi halisi: ofisi moja ya wakili ilinitumia amri ya mahakama niitafsiri kwa ajili ya familia ya mteja. Niliandika "mara moja" kama kila mtu anavyoandika, kama redio ilivyotufundisha tangu zamani, waziri ameamuru mara moja. Halafu nikasita. Mara moja ni papo hapo, lakini pia ni mara moja tu, sio mbili. Aachiliwe mara moja. Mtu angeweza kusikia kwamba ataachiliwa safari hii, na asizoee. Nikajaribu "papo hapo", nikaliona zuri zaidi kwa sababu lina mahali ndani yake: hapo ulipo, bila kuhama. "Punde" ni laini mno. "Sasa hivi" ni ya mama kumwambia mtoto. Na "saa hii" ya Nairobi, tuseme ukweli, imekufa. Msee akikwambia anakuja saa hii, bado yuko kwa shower. Tumelichosha neno letu wenyewe, hatuwezi kuwalaumu Waingereza.

Nilipeleka "papo hapo". Wakili akalirudisha "mara moja", akasema ndivyo inavyoandikwa. Tanzania walibadilisha sheria mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zao, na mimi huwaonea wivu kidogo majaji wa kule: wao wanalazimika kulichagua neno wenyewe, mbele ya watu wanaolielewa.

Anko hana hamu na haya yote. Siku hizi anafanya kazi ya bustani hapa hapa Muthangari, lango la tatu kutoka kwangu, na ndiye aliyenitafutia hii SQ. Ukimkuta anang'oa sangari kwenye nyasi za tajiri, anang'oa kwa subira ya kutisha, mzizi mmoja mmoja. Miaka ilipita kabla hajanieleza zile siku 11, na alinieleza akiwa ameinama, bila kuniangalia.

Hukumu ilikuwa Alhamisi. Amri ilipaswa kuchapwa, kutiwa sahihi, kupigwa muhuri, kisha kusafirishwa hadi gereza lililokuwa kaunti nyingine. Ijumaa aliyetakiwa kuibeba hakuja. Ilifika wiki iliyofuata, na jina lake lilikuwa limekosa herufi moja. Ikarudishwa. Iliporudi tena ikiwa sawa, mtu wa rejista akafungua kitabu akakuta kuna mwanaume mwingine mwenye majina mawili kama yake, ana kesi isiyoisha katika mji ambao anko hajawahi kukanyaga. Isipokuwa kama. Ikabidi alama za vidole zilinganishwe. Muda wote huo aliendelea kuhesabiwa asubuhi na jioni na wengine, amechutama. Askari mmoja mpole alimwita siku ya tatu akamwambia, "Mzee, wewe si mfungwa wetu tena, lakini usiondoke kwenye mstari." Nguo alizokamatwa nazo hazikupatikana. Ndiyo maana ya lile shati.

Nilimuuliza kama alikasirika. Akasema hapana, alichoogopa ni kufa. Kwa miaka yote aliyokuwa mfungwa hakuwahi kuogopa kufa ndani, lakini zile siku 11 alilala amekaa, kwa sababu aliona itakuwa aibu mtu kufia jela akiwa huru.

Kwa makaratasi, anko alikaa ndani miaka 6 na miezi 4, tangu alipokamatwa hadi Alhamisi ile ya jaji. Ndivyo ilivyo kwenye faili. Mwaka jana alikuwa anajaza fomu ya kazi, nikamsaidia, na kulikuwa na nafasi ya kueleza muda ambao hakuwa na ajira. Nikaandika miaka 6 na miezi 4. Akachukua kalamu mkononi mwangu, akaongeza kwa herufi zake kubwa za shule ya msingi: NA SIKU 11.